Nyumba Isiyo na Sukari

Siku Yusra alipoondoka Sindeni alikaa kiti cha mbele cha gari la Mdoe la kubebea mahindi, amebanwa katikati ya dereva na baba yake, na magotini amepakata galoni ndogo ya maji kama mtu aliyepakata mtoto. Alikuwa na miaka kumi. Shingo yake ilikuwa imekonda hata kichwa kikaonekana kama cha kuazima. Mama yake, Zamda, alisimama kando ya barabara. Nafasi ya mzazi ilikuwa moja tu, na wenyewe waliona afadhali aende baba, kwa kuwa mwanamume hasumbuliwi sana mbele ya dirisha la hospitali.

"Utarudi Ijumaa," Zamda alimwambia.

Alisema Ijumaa kwa sababu ulimi ulitaka siku ya kushika. Yusra akaitikia kwa kichwa, akafungua galoni, akanywa. Gari likaondoka kuelekea Korogwe, na vumbi likabaki limesimama barabarani kwa muda kama linalosubiri kuambiwa pa kwenda.

Zamda aliporudi ndani alikuta mtungi umekauka. Yusra alikuwa ameumaliza wote kabla jua halijapanda. Akachukua ndoo akaenda kisimani, maana nyumba haikai bila maji hata kama mwenye kiu hayupo.

Kiu ile haikuwa ngeni kwake. Aliwahi kuiona kwa Sharifu, kifungua mimba wake, miaka ile ya shida ambapo sukari ilikuwa ya kupangia foleni kwenye duka la ushirika na wakati mwingine foleni ikaisha bila sukari kufika. Sharifu alikunywa, akakojoa, akakonda, akanywa tena. Watu walisema malaria, wengine wakasema kijicho. Mtoto alikuwa akiomba kitu kitamu, na Zamda alizunguka kwa majirani akiomba kijiko hapa na kijiko pale, akamkorogea maji ya sukari, akamnywesha kwa mkono wake mpaka asubuhi aliyokataa kumeza. Alikuwa na miaka saba. Yusra wakati huo ndiyo kwanza anajifunza kusimama.

Kwa hiyo kiu ilipomrudia nyumbani kwa mara ya pili, Zamda hakusubiri watu waseme. Alipoona sisimizi wamejipanga nyuma ya nyumba pale Yusra alipokojoa, kama wamemwagiwa asali, alimwita mumewe shambani kwa sauti ambayo Muhidini alisema baadaye kwamba hakuijua kama ni ya mkewe.

Ijumaa ilifika. Muhidini akarudi peke yake.

"Yuko hai," alisema kabla hajaketi, kwa kuwa alimjua mkewe. "Amelala hospitali, ametundikiwa dripu, ameanza kusema. Ana sukari."

"Sukari gani?"

"Ndiyo jina la ugonjwa, mama Yusra. Damu yake ina sukari nyingi mno. Atachomwa sindano kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni. Na dawa yenyewe haipendi joto, inakaa kwenye friji. Sasa hapa Sindeni friji iko wapi? Dada yangu Mwantumu amesema mtoto akae kwake Manundu, huko huko Korogwe, hospitali iko nyuma ya nyumba."

"Akae mpaka lini?"

Muhidini akavua viatu kwanza, kimoja, halafu cha pili. "Hawakusema."

Zamda alisikia yote, lakini neno lililobaki sikioni ni moja. Sukari. Vijiko vile vya majirani vikamrudia kimoja kimoja.

*

Alikwenda Korogwe wiki iliyofuata. Muuguzi wa zamu aliitwa Sista Beatrisi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, ambaye alikuwa na desturi ya kumkalisha mzazi chini kabla ya kumweleza jambo, hata kama foleni inanung'unika mlangoni.

"Mama, nyumbani mna ghala?"

"Tunalo."

"Mkivuna mnafanya nini?"

"Tunaweka."

"Na njaa ikibisha hodi?"

"Tunatoa."

"Basi na mwili hivyo hivyo. Ukila ugali, unageuka sukari ndani ya damu. Hiyo sukari si mbaya, ndiyo nguvu yako ya kushika jembe. Sasa mwili una watumishi wake, wanaitwa homoni. Mmoja jina lake insulini, anatoka kwenye kongosho, hapa nyuma ya tumbo. Huyo akiona sukari imezidi damuni anaifungulia milango iingie mwilini ikafanye kazi, inayobaki anaipeleka ghalani, kwenye ini. Na yuko mwenzake, naye anatoka huko huko kwenye kongosho. Huyo kazi yake kinyume: akiona damu imepungukiwa, anafungua ghala anatoa. Usiku kucha wewe umelala, wao wanapima. Haizidi, haipungui. Kwa mwanao, yule wa kwanza amekufa. Sukari imejaa nje ya mlango, na ndani watu wana njaa. Ndiyo maana alikonda huku anakula."

Zamda alikuwa anatazama midomo ya Sista, lakini akili yake ilikuwa imekwisha kwenda kwa Sharifu. Sista akaendelea. Akasema sindano inafanya kazi ya yule aliyekufa. Akasema lakini sindano haina macho: insulini ya mwilini huona sukari imefika kiasi ikaacha, ya sindano ikishaingia haioni wala haiachi, mtu ale au asile. Akasema yule mwenzake wa kufungua ghala huwa hawahi kumwokoa mtu. Akasema mtoto akitetemeka, akitoka jasho la baridi, akianza kusema ovyo, apewe kitu kitamu papo hapo.

Haya ya mwisho Zamda aliyaitikia, "Ndiyo, Sista," kama mtu anavyoitikia salamu akiwa na mzigo kichwani. Hayakuingia. Nafasi yote ilikuwa imeshikwa.

*

Miaka ikaenda. Sindeni watu walimshangaa Zamda.

"Mtoto yuko Korogwe, ananenepa, anasoma," walimwambia. "Mbona wewe umekaa matanga?"

Asingeweza kuwaeleza kwamba jua likielekea kutua hutoka mlangoni kumwita Yusra aje kufungia kuku, na jina hufika kooni ndipo akakumbuka. Wala kwamba bado hupika ugali wa watu watatu, na kile kisehemu cha tatu hukiangalia kikipoa. Mkeka wa Yusra ulikuwa umeviringishwa pembeni ya ukuta. Wageni wakija Zamda alikwenda kuazima mkeka kwa jirani badala ya kuukunjua ule.

Alhamisi, siku ya gulio, alikwenda Korogwe kila alipoweza. Mji ulikuwa unabadilika mbele ya macho yake. Mitumba ilitandikwa chini mpaka karibu na stendi, maduka ya watu binafsi yalijaa sabuni na mafuta na sukari, sukari nyeupe ya magunia iliyokaa tu, haina foleni. Yusra naye alibadilika. Alirefuka, mashavu yakarudi, akajifunza kujichoma sindano mwenyewe huku anacheka na wenzake, na akaleta maneno ya vijana wa stendi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Mambo poa tu."

"Kinachopoa ni uji. Nimekuuliza wewe."

Yusra alicheka, na Zamda alikichukua kile kicheko akarudi nacho Sindeni, kikamtosha mpaka kama Jumapili hivi.

Mwaka Yusra alipoingia darasa la saba, Zamda alimfuata Sista Beatrisi akamwuliza jambo alilokuwa amelibeba muda mrefu.

"Sista, nyumba iwe na nini ndipo mtoto wangu arudi?"

Sista alimtazama vizuri. "Iwe na mahali pa baridi pa kuweka dawa. Iwe na mkono unaojua kuchoma sindano, siku yeye mwenyewe akiwa hawezi. Na iwe na chakula kwa saa zake, kisipungue. Ukinionyesha hayo, mwezi wa kumi na mbili akishamaliza shule mimi mwenyewe nitasema aende."

Zamda akarudi nyumbani kama mtu aliyepewa ruhusa ya kujenga.

Alitafuta chungu kikubwa na kingine kidogo cha kukaa ndani yake, akajaza mchanga katikati, akamwagia maji mchanga ule, akafunika kwa kitambaa kibichi, akaviweka chini ya uchaga palipo na kivuli na upepo. Siagi ya jirani ilikaa humo siku nzima bila kuyeyuka. Sista alimpa bomba la sindano lililotumika ili ajifunzie, na Zamda akawa anayachoma machungwa.

"Hilo chungwa," Muhidini alimwuliza, "malaria yake imepona au bado?"

"Wewe cheka tu, baba Yusra."

"Sicheki. Namwonea huruma. Leo ni mara ya nne."

Sista alisema mambo matatu. La nne Zamda aliliongeza mwenyewe: alifukuza utamu wote. Aling'oa miwa iliyoota kando ya kijito, mpaka na mizizi. Sukari ya nyumbani akaigawa. Mdoe, yule mwenye gari na duka, akaonywa kwamba mtoto wa Zamda akija, hata pipi asiuziwe. Chai ya nyumba ile ikawa ya tangawizi tupu, na wageni wakaanza kuinywa kwa adabu ya mtu anayekunywa dawa.

"Tulilala nje ya duka la ushirika kwa ajili ya sukari," Muhidini alilalamika. "Leo imejaa mpaka inamwagika, wewe unaifukuza kama mwizi."

"Ilichukua mmoja. Haichukui wa pili."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Muhidini alimjua nyoka wa mkewe. Ile mizinga yake ya nyuki ya msituni hakuweza kuivunja, lakini asali aliihamishia kwa ndugu yake, akapatana na Nairesiae, mama mmoja wa wafugaji wa Kimaasai wa bondeni, ambaye Zamda alimwita yeyo, yaani mama, na aliyekuwa akiwauzia maziwa, kwamba atainunua yote kwa ajili ya sherehe ya mwanawe.

*

Mwishoni mwa Juni, shule zilipofungwa, Yusra alikuja kukaa nyumbani kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya gari la mahindi. Alikuja na dawa yake ndani ya chupa ya chai iliyotiwa maji ya baridi. Zamda aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka ndani ya kile chungu kidogo, na akakunjua mkeka.

Jioni walikaa uani wakipukuchua mahindi ya kwanza.

"Mama, jino lingine limekwenda wapi?"

"Limefuata wenzake. Husikii watu wanasema kila mtoto na jino lake?"

"Sista anasema meno ni mswaki, mama."

"Sista ana watoto?"

"Hana."

"Basi anyamaze."

Yusra akacheka mpaka punje zikamwagika. Halafu akasema, "Lakini kuna kitu kinafanana na hicho. Kwenye mifupa. Nilimwuliza Sista kama sukari peke yake ndiyo inapimwa na homoni, akasema hata chokaa, ile kalsiamu. Hapa shingoni, mama, kuna vijitezi vinne, vidogo kama punje za mchele. Kalsiamu ikipungua kwenye damu, vinatoa homoni yao inakwenda kuiambia mifupa toa, na figo zisimwage. Kwa sababu ikipungua sana mikono inajikunja, inakakamaa, hata moyo unaweza kusimama. Ikizidi, kuna homoni nyingine inaizuia mifupa isitoe tena. Sasa mama anayenyonyesha, maziwa yanataka kalsiamu. Kama chakula hakitoshi, mwili hauwezi kumnyima mtoto. Unatoa kwenye mifupa yake mwenyewe."

Zamda aliacha kupukuchua. "Mimi mwaka nilionyonyesha Sharifu hata dagaa hatukuwa nao."

"Basi."

"Kwa hiyo alitembea na mifupa yangu."

"Kidogo. Na mimi pia. Lakini inarudi, mama. Ukimwachisha mtoto, mifupa inajijaza tena."

Zamda alitazama upande wa nyuma ya nyumba ya baba mkwe, kwenye makaburi. Akavuta hindi jingine.

Asubuhi yake aliomba achome sindano yeye. Yusra akamwachia mkono. Sindano iliingia kama ilivyoingia kwenye machungwa, taratibu na imenyooka, na Zamda akaona fahari ambayo hakuwa ameionja tangu harusi yake. Uji ukaletwa. Ulikuwa mzito, wa mtama, hauna kitu.

"Huu haunywiki," Yusra alisema, akanywa robo ya bakuli. "Nitakula mihogo shambani."

"Utaikuta. Twende kabla ya jua."

Walikuwa wanavunja mahindi. Yusra, ambaye mjini alikuwa amechoka kuangaliwa kama yai, alifurahi kufanya kazi. Alivunja mistari kwa mistari, akabeba tenga kichwani mpaka kwenye kichanja, akarudi mbio. Zamda alimfuata kwa macho kutwa, na moyoni alikuwa anaipanga Disemba: kitanda kitakaa wapi, nani atamfundisha tena Kizigua kilichoanza kumponyoka. Mihogo ilikuwa bado inachemka.

Jua lilipokuwa juu, alimwambia Yusra apumzike.

"Usinipangie!"

Zamda alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Niache! Kila mtu ananipangia! Wewe nani?"

Ndio huu mji, Zamda aliwaza kwa uchungu, ndio huu mji ulionilelea mwanangu. Akamgeukia ajibu. Akaona jasho. Lilikuwa linatiririka usoni mwa Yusra kama amemwagiwa maji, na alipomshika mkono, mkono ulikuwa baridi na unatetemeka kama wa mtu aliyetoka mtoni. Macho hayakumwona. Magoti yakalegea, na tenga la mahindi likaanguka kabla yake.

"Yusra! Baba Yusra! Jamani!"

Muhidini alikuwa upande wa pili wa shamba. Aliyekuwa karibu ni Nairesiae, ambaye ndiyo kwanza anatoka kwa shemeji yake Zamda na kibuyu cha asali begani, anakatiza njia ya shambani kwenda bondeni. Alikuja mbio, shanga zikimrukaruka shingoni.

"Mama Yusra, mtoto ana nini?"

"Sukari! Sukari imempanda, yeyo! Lete maji!"

Yusra alikuwa anasogeza midomo. Wote wawili wakainama.

"Tamu," alisema. Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Mama. Tamu."

Neno lile lile. Mwingine alilala hivi, akaomba hivi, naye Zamda akampa.

Nairesiae alishusha kibuyu. "Mtoto anaomba. Mimi nina asali hapa."

"Usimpe! Hiyo ndiyo sumu yake! Nilimpa kaka yake akafa mikononi mwangu!"

"Mimi sijui mambo ya hospitali," Nairesiae alisema, na kibuyu kikabaki mikononi mwake, hakukifungua wala hakukirudisha. "Wewe ndiye mama. Sema."

Pale shambani hapakuwa na mwingine wa kuulizwa. Zamda alikamata uso wa mwanawe kwa viganja. Ulikuwa umelowa. Ndipo akaona kitu ambacho hofu ilikuwa imekificha: midomo haikukauka. Sharifu midomo ilipasuka. Sharifu hakutoka jasho. Alikuwa mkavu kama jani, anavuta pumzi ndefu, anaomba maji mpaka dakika ya mwisho. Huyu asubuhi yote hakuomba maji. Huyu alikuwa amelowa, anatetemeka, na kabla ya kuanguka alisema ovyo. Na maneno ya Sista, yale aliyoyaitikia bila kuyasikia, yakaja yenyewe kutoka huko yalikokuwa yamekaa miaka yote. Sindano haina macho. Aliichoma yeye, kwa mkono wake, ikaingia ikatafuta chakula na chakula hakikuwapo, ikaendelea kufagia mpaka damu ikabaki tupu.

"Fungua," alimwambia Nairesiae.

Alichovya vidole viwili, akampaka ndani ya mashavu na kwenye ufizi, akachovya tena. Alisoma kila aya aliyoijua, na akaona hazitoshi, akarudia. Nairesiae alipiga magoti upande wa pili akamwinua Yusra kichwa asipaliwe, naye anasema maneno yake kwa Kimaasai, polepole, kama anavyotuliza ng'ombe. Muhidini alifika akasimama kuwakinga jua.

Muda ulipita ambao Zamda hakuweza kamwe kuupima. Kisha ulimi wa Yusra ukasogea, ukalamba kidole cha mama yake. Akameza. Wakampa zaidi. Macho yakazunguka, yakatua.

"Mama," alisema, "mbona uso wangu unanata?"

Nairesiae aliangua kicheko, halafu akafuta machozi kwa ncha ya shuka. Zamda hakucheka wala hakulia. Alimlaza mwanawe mapajani, akamlisha mihogo kipande kwa kipande, naye Yusra, mkubwa wa kuolewa karibu, akakubali kulishwa.

*

"Nilikuambia siku ya kwanza," Sista Beatrisi alisema, walipofika Korogwe kesho yake. Hakusema kwa ukali. "Hukunisikia."

"Sikukusikia. Nilikuwa namsikiliza mwingine."

Akamweleza habari za Sharifu, zote, na vijiko vya majirani. Hakuwahi kumweleza mtu. Sista alifunga mlango kwanza.

"Mama, sikiliza na leo usiniitikie mpaka umesikia. Mtoto yule hakufa kwa sukari uliyompa. Hata usingempa chembe, angekwenda. Mwili uliokosa insulini unajila wenyewe, unatengeneza sumu humo humo ndani. Kilichomwua ni kukosa kitu ambacho wewe usingeweza kukipata, na hukujua jina lake. Alikuwa na kiu na njaa. Ulimnywesha, ukampa alichoomba. Basi."

Foleni ya nje ikaanza kugonga mlango. Ndipo Zamda akasema, "Nimesikia."

"Sasa umejua kufunga ghala na umejua kulifungua. Disemba njoo umchukue."

*

Yusra alimaliza darasa la saba, na majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalipobandikwa, lake halikuwamo. Alilia siku moja, siku ya pili akafunga nguo zake. Sasa hapakuwa na cha kumweka Manundu. Muhidini alichonga kitanda.

Lakini vuli haikunyesha. Oktoba mawingu yalikuja yakapita juu ya Sindeni kama wageni wa nyumba nyingine. Novemba wakapanda kwa matumaini, mbegu zikaliwa na panya ardhini. Huko kwao, wilaya ya Handeni, hilo si jambo la ajabu. Wazee huhesabu umri wao kwa majina ya njaa. Ghala likaanza kutoa mwangwi. Wakapunguza mlo wa mchana, kisha wa asubuhi, na Disemba ilipoingia nyumba nyingi zilikuwa zinapika jioni tu, ili watu walale.

Muhidini alitaka mtoto aje hivyo hivyo. "Tutamwekea lake pembeni. Sisi tufunge."

"Tutaweka nini, baba Yusra? Pembeni ya nini?"

Zamda alikwenda Manundu peke yake, Alhamisi. Yusra alikuwa amekwisha kuvaa, begi liko mlangoni. Wifi yake, Mwantumu, alikuwa jikoni.

"Karibu, wifi. Mchukue mwanao," Mwantumu alisema. "Nimemlea mpaka amenipita urefu, sasa kila siku nakosa kanga zangu. Mchukue nipumzike."

"Wifi, nimekuja kukuomba uendelee."

Yusra alisimama. "Mama?"

"Tunakula jioni tu, mwanangu."

"Nami nitakula jioni."

"Na sindano ya asubuhi?"

"Nitapunguza."

"Ukiipunguza kiu itarudi. Nimeiona mara mbili, sitaki ya tatu. Usipoipunguza itakuangusha, na safari hii sijui kama atapita mtu." Zamda alisema kwa sauti ya chini, neno moja moja, kwa kuwa alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima. "Sista alisema nyumba iwe na mambo matatu. Mawili ninayo. La tatu liko mikononi mwa mvua."

"Mvua itanyesha!"

"Itanyesha, inshallah. Na mwaka mwingine itakosa tena. Pale ni Sindeni. Dawa yako haijui kusubiri mwaka."

"Kwa hiyo hunitaki."

Mwantumu akageuka jikoni. "Wewe mtoto, chunga mdomo—"

"Mwache, wifi," Zamda alisema. Akamvuta Yusra karibu, akamshika kichwa kama siku ile ya shambani. Uso ulikuwa mkavu, wa moto kidogo, wa mtu mzima. "Hakuna siku niliyoamka nisikutake. Ningekuwa nakupenda kidogo, leo tungeondoka wote."

Yusra alijitoa mikononi mwake, akaingia chumbani. Baadaye wakamsikia anafungua zipu ya begi, anatoa nguo moja moja. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akauliza kama mama amekula. Zamda alikuwa hajala tangu jana. Wakakaa mkekani watatu, wali na maharage, na Yusra akajichoma sindano mbele yao bila kuitazama, huku anamweleza mama yake kwamba kuna mwanamke jirani mwenye vyerehani viwili anayetafuta wa kumfundisha.

Gari la mwisho la Handeni lilipiga honi stendi. Zamda akainuka.

Sasa Yusra anashona nguo Manundu. Alhamisi mama yake hufika kabla ya adhuhuri, wakala pamoja, kisha Zamda hupanda gari la jioni kurudi Sindeni.